Muzigo wa Mutani Wangu

Tusi la kwanza nililotukanwa mu Zambia lilinifanya nilie kwa furaha.

Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo, miye na baba yangu, na nguo za mwilini tu, na yeye akiwa na risasi ndani ya paja. Kwanza tulilala mu mahema, halafu tukapelekwa Mantapala, makazi ya wakimbizi, kila familia na kipande chake cha shamba. Kila mutu kule alituambia pole. Muzungu wa misaada, pole. Muganga, pole. Mutu wa kugawa unga, pole. Nilikuwa nimeshiba pole mpaka kooni. Siku moja nikapata nafasi ku lori, nikashuka Kabuta, pembeni ya ziwa, kutafuta samaki wa bei ndogo. Pale nikamukuta mwanamuke mumoja, mukubwa wa mwili, anaanika chisense ku muchanga, vile visamaki vidogo vyembamba kama majani ya mupunga. Aliniangalia, akaniuliza kwa Kibemba ukoo wangu ni upi. Nikamwambia, miye ni wa Udongo.

Akatupa kikapu chini. Akajishika kiuno, akapaza sauti ufuko wote usikie: "Mawe, mama yangu! Njooni muone! Udongo wa kujengea choo umetoka Kongo na miguu yake!"

Yeye alikuwa wa ukoo wa Mvua. Ng'ambo hii na ng'ambo ile ya ziwa koo zetu ni zile zile, mupaka umetukuta tayari tuko ndugu. Na Mvua na Udongo ni watani tangu mababu, Wabemba wanauita utani huo bunungwe. Mutani wako anakutukana mbele ya watu, anachukua kitu chako bila kuomba, anakufanyia ujinga wowote, na ukikasirika, aibu inakurudia weye. Lakini ukifa, yeye ndiye anayekuzika. Basi mimi mukimbizi, mutu asiye na kitu, nimesimama pale na tusi langu mukononi kama kitambulisho. Nikamujibu: "Na weye mvua ya kuozesha mihogo, nani alikuita?" Watu wakacheka. Miye nikalia. Yeye akafungua kitenge chake, akanimiminia samaki, akasema nilie vizuri, machozi yasiingie mu samaki wake, wataoza.

Ndivyo tulivyoanza. Kila nilipofika ku soko alinikaribisha na matusi mapya, na miye sikuwa bubu. Nilimuita muchawi. Nilimuita mwizi wa ku mupaka, muuza watu, mwanamuke anayekula kiapo na fisi. Wauza samaki wote walikuwa wanangojea tukutane, kama watu wanaongojea muziki. Yeye alikuwa anasema: "Siku Udongo ataniambia Bamayo, mama, kwa heshima, mujue mumoja wetu amekufa."

Paja la baba halikupona. Ule mwanamuke alikuwa anapanda baiskeli kutoka Kabuta mpaka Mantapala, njia yote ile ya vumbi, anakuja kumuosha kidonda na maji ya moto na chumvi. Aliingiza kitambaa mu tundu la risasi na vidole vyake mwenyewe. Baba anauma meno, yeye anamutania: "Muzee, udongo wako una panya, ona tundu!" Baba anacheka na maumivu yake.

Na baba alipokufa, mutani wangu alifanya kazi yote ya mutani. Jeneza lilipofika, yeye akaruka mu kaburi, akalala chali na mikono ku kifua. "Haingii huyu! Nimemunyeshea maisha yake yote, hajanilipa!" Hiyo ndiyo desturi, mutani anazuia kaburi mpaka wafiwa wamukomboe na kitu kidogo. Watu walicheka huku wanalia. Nikampa kipande cha sabuni, akakinusa, akasema sabuni ya wakimbizi haina povu, akatoka. Halafu tukamushusha baba.

Jioni ile nilimweleza mutani wangu kila kitu. Nilimweleza kilima chetu kule Kongo, ambapo watu walikuwa wanachimba mawe ya kuuza, na wale wenye bunduki waliokuja kutaka kile kilima. Nilimweleza tulivyokimbia, na maganda ya risasi yaliyojaa mu kiwanja chetu kama mahindi yaliyomwagika. Alilia mpaka bega langu likalowa. Nashika sana hii sehemu ya habari. Alijua. Hakuna kitu cha ule muchana wa kukimbia ambacho hakukijua.

Baadaye niliolewa na muvuvi wa Kabuta, mutu wa maneno machache, nikahamia ku ziwa. Kila mwaka kuna miezi ambayo serikali inakataza nyavu, ili samaki wazae, na wavuvi wanakaa wanaangalia maji kama wagonjwa. Mume wangu hakukaa. Alikuwa anapakia chumvi mu mutumbwi, anavuka nayo mpaka ng'ambo ya Kongo, anarudi na mafuta ya mawese. Chumvi nilinunua miye Nchelenge, niliipanga mu mifuko miye, nilishona midomo ya mifuko miye. Kuvuka, hapana. Niliapa kwamba muguu wangu hautakanyaga ile ng'ambo tena, na mume wangu hakunilazimisha hata siku moja.

Mutani wangu alikuwa anakuja kukaa na miye wakati nashona. Ndipo alipoanza mchezo wake. Mara ya kwanza lilikuwa jiwe. Alilizika mu chumvi yangu bila miye kuona. Mume wangu kufika ng'ambo, anamwaga chumvi mbele ya wateja, jiwe linaanguka puu! Na mwanaume mumoja wa ukoo wa Mvua anayekaa kule anatokea anacheka: "Rudisha jiwe letu, punda wa Mvua!" Wateja wote wanakufa na kicheko. Mume wangu aliponihadithia, na yeye asiyecheka ovyo, tulicheka mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa.

Safari nyingine ikawa ndala iliyokatika. Halafu gunzi la muhindi lililovikwa nguo kama mutoto. Halafu kikaja kifurushi, kimeshonwa ndani ya kitambaa kigumu. "Hiki usifungue," akaniambia. "Ukifungua nitakula mbuzi wako. Shemeji akipeleke vile vile kwa ndugu yangu kule, ajue Udongo ni muchukuzi wetu." Nikamwambia mwizi wa ku mupaka hana adabu. Akasema: "Bado hujaona kitu." Tukacheka wote wawili.

Mawe, tulivyocheka!

Vifurushi viliendelea ule musimu wote. Sikuvishangaa, kwa sababu mchezo wa mutani unakua, ni lazima kila mara upite ule wa jana. Mume wangu ndiye alianza kukunja uso. Alikipima kimoja na mukono, akakitikisa ku sikio. "Mama, hili si jiwe. Jiwe haliongei." Akachukua kisu. Nikamushika mukono. Nikamwambia, acha, ukifungua ameshinda yeye, soko lote litasema wa Udongo hawawezi utani. Akarudisha kisu. Nikashona mudomo wa mufuko na uzi wangu, vizuri, kama kawaida.

Siku walipomukamata nilikuwa Nchelenge, pale minibasi za Mansa zinapopakia, nauza mawese. Mwanamuke wa ku soko akaja anakimbia, kichwa wazi, kitenge mukononi: boti ya walinzi imemusimamisha mume wako mu ziwa.

Nilipofika kituoni, polisi walikuwa wamemwaga chumvi yangu ku meza. Katikati, kile kitambaa kimepasuliwa. Risasi. Nyingi, mpya, za rangi ya shaba, zimelala ndani ya chumvi. Mume wangu amekaa chini na pingu, ananiangalia. Zile nilizifahamu. Maganda ya ndugu zao niliyaacha mu kiwanja chetu.

Mukubwa wa pale hakuwa mutu mubaya. Aliniambia kwamba hiki si kitu cha mutumbwi mumoja. Risasi zinatoka mbali, zinapita mipaka ambayo miye na yeye hatutaiona, mu malori ya watu wenye suti, na zikifika ziwani zinatafuta mikono midogo ya kuzivusha. Kule ng'ambo zinawapa nguvu wale wa porini, wanashika vilima vyenye madini, na madini na pembe za tembo zinarudi na njia ile ile. Nchi nyingi, akasema, zinatafuta huu mulolongo. Miye nilikuwa nasikia maneno hayo ku redio, usalama wa dunia, usalama wa kimataifa, nikadhani ni mambo ya marais na ndege. Kumbe dunia yote ilikuwa inapita mu chumvi yangu, na nimeishonea mudomo.

Nikamwambia ni za nani. Sikuzunguka. Nikasema jina, nyumba, ukoo, na jinsi ilivyokuwa, kutoka jiwe mpaka ndala mpaka hapa.

Wakamuita. Alifika na magamba ya samaki ku mikono, hana wasiwasi hata kidogo, akanikuta nimesimama pale nalia. Mukubwa akamuuliza kama ule muzigo ni wake. Yeye akanitazama kutoka juu mpaka chini, akapiga makofi.

"Shefu, na weye ni mutoto wa ziwa, humujui mutani? Huyu ni wa Udongo, miye wa Mvua. Huyu ananiita mwizi wa ku mupaka tangu siku ya kwanza nilipomupa samaki. Uliza soko lote. Leo amepata risasi, ni za nani? Za mutani! Kesho mbuzi wake akipotea, nani amekula? Mutani!"

Mulinzi mumoja ku mulango akashindwa, akacheka. Na mwengine. Hata mukubwa alishika mudomo.

Wakauliza wauza samaki. Wote, bila ubaya wowote, walisema kweli tupu: ndiyo, huyu anamuita mwizi na muuza watu kila siku ya Mungu, sisi tunacheka. Mukubwa akanivuta pembeni. "Bamayo, nikipeleka maneno ya mutani mbele ya hakimu, watanifukuza kazi. Nyinyi watu mnatukanana kutwa. Nijueje leo ni kweli?" Mume wangu angepelekwa ku mahakama Mansa, na kwa kosa la risasi hakuna kuachiliwa kwa dhamana. Labda ingekuwa miaka ambayo mutu anaingia na nywele nyeusi anatoka na nyeupe. Yeye mwenyewe alisema neno moja tu wakati wananitoa: "Umwambie mutani wako aseme."

Nilienda kwake na muguu. Alikuwa mbele ya nyumba na mama yake, bibi muzuri, anayetafuna karanga na ufizi na kunitania kwa sauti ya kuku. Nikamuuliza mutani wangu: kwa nini? Akasema: "Oh, leo Udongo umekauka, ngoja nikunyeshee." Bibi akacheka. Nikangoja bibi aingie ndani. Nikamuuliza tena. Kicheko kikamutoka usoni kama mutu anavyovua kofia.

"Mume wako ni mutu mwema," akaniambia polepole. "Atavumilia. Miye niko na batoto."

Nikaangalia mikono yake. Vidole hivi, nilikuwa nawaza, hivi hivi vidole viliingia mu kidonda cha baba. Na bibi alipotoka tena na kikombe cha maji yangu, ule mwanamuke akacheka upya, palepale, akaniuliza kama Wakongo wanajua kunywa na kikombe.

Mungu ana njia zake. Kabla hawajamupeleka mume wangu Mansa, bibi alilala na hakuamuka. Karibu na Kabuta hakukuwa na mutu mwengine wa Udongo, basi ukoo wa Mvua ukatuma mutu kuniita nije kufanya kazi ya mutani. Majirani wakaniambia usiende, watakuona mujinga, ukimutania mbele ya watu hata mumoja hataamini tena maneno yako ya polisi. Walikuwa na haki. Lakini bibi alinipa maji. Na maiti haizikwi na mutu yeyote tu. Nikafunga kitenge, nikaenda.

Watu walikuwa wengi, kanisa lote, ufuko wote. Jeneza likafika, likawekwa ku vijiti mu jua. Nikaruka mu kaburi, nikalala chali.

Juu wakaanza kucheka, kile kicheko cha machozi. "Udongo umerudi kwao!" mutu akapiga kelele. Mujomba wa marehemu, muzee wa ukoo wa Mvua, akanishushia sabuni. Nikairudisha juu. Wakacheka zaidi: ana bei kubwa huyu! Akanishushia kuku, ananing'inia na miguu. Nikamurudisha kuku. Hapo nikasimama. Kichwa changu kilifika ukingo tu, macho yangu usawa wa miguu yao. Nikaitafuta miguu ya mutani wangu. Nikapiga magoti mule ndani, nikapiga makofi ya heshima, namna tunavyopigia wakubwa na wakwe, polepole, viganja vimepindwa.

"Bamayo, mukwai," nikamwambia. "Naomba kwa heshima. Mwambie mama yako, na watu hawa, ule muzigo ni wa nani."

Kicheko kikakatika. Mutani hapigiwi makofi. Mutani haitwi Bamayo. Wauza samaki waliokuwa na mikono ku mudomo kwa kucheka wakaiacha pale pale. Muchungaji akafunga Biblia. Muzee wa ukoo akavua kofia, na ninajua hakumuvulia marehemu, kwa sababu alikuwa ananiangalia miye.

Nikarudia. Maneno yale yale, makofi yale yale.

"Udongo wa choo," akaanza, na akatafuta macho ya watu kushoto na kulia, "leo umelewa nini?" Hakuna aliyecheka. Akajaribu tena kitu kingine, sauti ikamukatikia. Mutu mumoja nyuma, mwanamuke, akamwambia: sema tu, jua linamuchoma mama yako.

Aliangalia jeneza. Akaniangalia, na kwa muda mudogo nilimuona yule wa zamani, yule aliyelowesha bega langu, na roho yangu ya kijinga ikamungojea. Halafu akaangalia ziwa. Alivua ndala, akaziacha pale ukingoni, akashuka ufukoni kama mutu anayekwenda kunawa uso. Tukasikia mutumbwi unasukumwa ku maji, halafu kasia. Mutoto wake wa kike aliita mara moja, "Mama!" Kasia halikusimama.

Muzee alinishushia mukono. "Toka, mwanangu. Marehemu hana kosa na weye." Nikatoka. Tukamushusha bibi. Udongo wa kwanza nilimwaga miye, ni haki ya mutani, na nikamutania kidogo, sauti ya chini, nikamwambia alale vizuri, mvua ya huko haina matope. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Kesho yake muzee alienda mwenyewe polisi na wakubwa wengine wawili wa ukoo. Aliwaambia: nimezika watu mu ziwa hili tangu nikiwa kijana, sijaona mutu anayemuacha mama yake juu ya ardhi sababu ya utani. Mume wangu alikaa ndani muda mwengine, lakini walimuamini muzee, akatoka. Sasa kabla ya kupakia anakata nyuzi zote, anamwaga chumvi yote ku turubai, anapitisha mikono, anarudisha, na miye nashona tena. Wanasema risasi bado zinavuka, mu mizigo ya wengine. Ndugu yangu wa kule Kongo alinipigia simu, mlio wa bunduki umerudi ku kile kilima. Nawaza vile vifurushi vingine, vya musimu wote ule, vilivyofika.

Ku soko ya Nchelenge wananiheshimu sana. Wa ukoo wa Mvua bado wapo, wengi, lakini wakiniona wanashusha sauti. Wananipisha ku bomba la maji, wanapiga magoti kidogo, wananipigia makofi polepole, viganja vimepindwa. "Bamayo, mukwai." Naitikia, na natembea mpaka ku meza yangu, na soko lote, kubwa vile, hakuna hata mutu mumoja anayenitukana.